Mguu wa Mzee wa Chokaa

Jina analo, na huko mlimani kwao wanalijua, lakini sisi wa uwanjani tulimwita Mzee wa Chokaa na yeye akaitika, basi na mimi nitamwita hivyohivyo. Ndiye aliyekuwa akipiga mistari ya uwanja wetu wa mpira hapa Engutoto kabla ya kila mechi. Kazi yenyewe haikuwa na barua ya ajira wala kofia. Wanasema alikuja siku moja, kabla mimi sijaanza kuuza chai pale, akakuta wachezaji wanashikana mashati kwa sababu hawa wanasema mpira umetoka na wale wanasema haujatoka. Akawauliza, "Ninyi mnachezaje bila mpaka?" Wiki iliyofuata akashuka na mfuko wa chokaa.

Chombo chake kilikuwa kopo la rangi la lita nne, alilolitoboa matundu chini kwa msumari. Analijaza chokaa, anakwenda kusimika kijiti upande wa pili, anarudi, anakaza macho kwenye kile kijiti, halafu anaanza kutembea huku akilitikisa kopo. "Ukitazama miguu utapinda," alikuwa akisema. "Tazama unakokwenda." Maneno mazuri, ila kwa sababu ya maneno hayo nimemwona mara nyingi akikanyaga kinyesi cha ng'ombe, maana ng'ombe wa watu hupita palepale uwanjani asubuhi. Anafika mwisho wa mstari, mstari umenyooka kabisa, kiatu kimeharibika. Mimi nacheka. Yeye ananiambia, "Kiatu kinaoshwa, mama. Mstari haufutiki."

Haukufutika kweli, mpaka mvua inyeshe.

Kamba hakutumia, wala futi ya fundi. Kila kitu alipima kwa hatua. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba kubwa la kahawa, na kazi yake ilikuwa kuonyesha mahali pa kuchimba mashimo ya miche. Kutoka shimo hadi shimo ni futi tisa, yaani hatua tatu, kila hatua yadi moja. Nyuma yake alipita msimamizi na fimbo ya kupimia, na shimo likikosewa unalifukia na kuchimba jipya kwa mikono yako mwenyewe. Akapima mpaka mguu ukazoea. Alisema hata akienda kanisani anakwenda kwa yadi. Alipoambiwa kwamba penalti hupigwa yadi kumi na mbili kutoka golini, na lile eneo la hatari ni yadi kumi na nane, alifurahi kama aliyekutana na ndugu yake mjini. "Mpira na kahawa vililetwa na watu walewale," alituambia, "ndiyo maana vipimo vyake vinaelewana. Penalti ni miti mitano ya kahawa. Wa kwanza ndio goli, wa tano ndiyo nukta."

Huko kwao watu walimwita hata kwenye mambo ya mipaka. Ndugu wakigombania kihamba, shamba la ukoo, anaitwa, anatembea, anasimika majani ya sale kuwa mpaka, ugomvi umekwisha. Hakuna aliyewahi kumrudia na futi. Mzee wa kanisa, Mlutheri wa kunyooka, mtu asiyekunywa hata mbege msibani, nani angemshuku?

Lakini msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, na alikuwa na kiburi cha huo mguu wake. Muuza vifaa vya ujenzi mmoja, Mchaga mwenzangu, aliwahi kumletea futi mpya ya mita hamsini, zawadi. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniachia mimi. Ikawa kazi yake kwangu ni kufungia turubai. "Futi inavutika," akasema. "Mguu ni mfupa." Chai alitaka vijiko vinne vya sukari, halafu analalamika jino linamuuma. Na mguu ulipoanza kumsumbua alidanganya waziwazi, yeye mzee wa kanisa. Anashuka kwenye pikipiki anashikilia nyonga, ukimuuliza anasema mguu umelala tu, utaamka.

Cha kushangaza zaidi, hakutazama mpira. Akishamaliza mistari anakuja kukaa kwenye benchi langu, anaupa uwanja mgongo, anakunywa chai akitazama barabarani. Watu wanaruka, wanapiga mayowe, yeye anapuliza chai yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini hageuki. Akasema, "Wakicheza wanaharibu mistari." Basi. Mechi ikiisha haulizi nani kafunga, anauliza mistari imebaki? Na bado nyinyi mnisaidie, timu ikifungwa chai alikuwa haimalizi. Nilikuwa namwaga nusu kikombe chini, naelewa kwamba imemuuma.

Mimi nilimpenda mzee yule, nasema wazi. Nilipoanza kuuza chai pale, mjane, mtoto mgongoni, walikuja watu wa kutuondoa tunaouza kandokando ya viwanja. Wenzangu wakakimbia na masufuria. Mimi jiko langu lilikuwa la mafiga matatu ya mawe, moto unawaka, ningekimbia na nini? Mzee akaja na kopo lake, hana haraka, akanizungushia mraba wa chokaa, mimi na jiko langu na benchi langu, mraba ukashikana na mstari wa pembeni. Akawaambia wale watu, "Huyu yuko ndani ya uwanja. Yumo kwenye vipimo." Walicheka mpaka wakasahau walichofuata. Tangu siku hiyo sijaguswa. Kila mechi alikuwa akichora uwanja, na mwishoni ananichorea na mimi mraba wangu.

Sasa nisikilizeni habari ya msimu ule mbaya.

Kipa wa timu yetu ni mdogo wangu, Elibariki, kitinda mimba wa mama yetu, fundi wa kuchomelea mageti. Eli alisifika kwa jambo moja: kudaka penalti. Kulikuwa na misimu ambayo mpigaji akiuweka mpira kwenye nukta, mashabiki wetu tayari wanashangilia. Msimu ule tulipigiwa penalti tano nyumbani, na zote tano ziliingia. Si kwamba alikuwa anaruka upande usio. Alikuwa anaruka kulekule, anaugusa kwa ncha za vidole, unapita. Tano zote hivyo. Tukamaliza ligi tukiwa wa pili kutoka mwisho.

Jumamosi baada ya mechi ya mwisho mashabiki walijaa kwenye mabenchi yangu kuchambua. Kila mtu ana sababu yake. Fundi viatu alisema ni jezi, tangu tulipoacha zile za kijani mambo yamekwenda kombo. Mwalimu mstaafu alisema jezi haifungwi mabao, tatizo ni viungo wetu, wanacheza kama wanasubiri kuitwa majina. Mwingine akasema ni mazoezi ya saa kumi na mbili jioni, watu wametoka kazini wamechoka. Nilikuwa namimina chai na kusikiliza, mpaka dereva wa bodaboda, kijana anayekunywa chai yangu kila siku ya Mungu, akasema lile ambalo wengine walikuwa wanalizunguka.

"Mimi dada utanisamehe," akaniambia. "Kipa anafika, lakini anachelewa. Mara moja ni bahati mbaya. Mara tano? Huyo kauza."

"Kauza kwa nani?" nikamuuliza. "Kwa bei gani, na viatu anavyovaa nimemnunulia mimi?"

"Mimi sijui. Nasema nilichoona."

Mwalimu akataka kumtetea. Akasema labda wapigaji wa siku hizi wana nguvu, labda mpira wenyewe umebadilika. Kisha akamgeukia Mzee wa Chokaa, aliyekuwa amekaa na mgongo wake uleule. "Mzee, wewe unasemaje? Inawezekana kitu kingine?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Mimi sitazami," akasema. "Lakini penalti ni hatua kumi na mbili. Zilikuwa kumi na mbili alipokuwa anadaka, na ni kumi na mbili leo. Kama anachelewa, anachelewa yeye."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatetea nukta yake. Lakini neno la mzee wa kanisa lina uzito, na niliona watu wanatikisa vichwa. Wakakubaliana kwamba Jumapili ya wiki inayofuata, baada ya ibada, wanakaa kikao, na Eli aje ajieleze mbele ya watu. Nikajua maana yake. Ukishaitwa mchezaji aliyeuza mechi, katika mji huu hakuna timu itakayokupa hata mazoezi, na mama yetu angeanza kukwepa njia ya sokoni. Eli mwenyewe aliposikia alikuja akatundika glovu zake kwenye msumari wa banda langu. Akasema hatakuja kwenye kikao wala uwanjani. Chakula nilichompa hakukigusa.

Kesho yake niliinama kuwasha moto, bado nina hasira na mzee, nikatafuta kijiti cha kuchochea. Kule nyuma, kwenye majani, nikaona mafiga yangu ya zamani. Mawe matatu, meusi. Nikayatazama. Yanafanya nini kule mbali, na mimi niko hapa? Ndipo nikakumbuka kwamba kila msimu nimekuwa nikivuta benchi mbele kidogo na kujenga jiko upya, ili niwe karibu na mstari, wateja wapokee chai bila kuacha mechi. Sikuwahi kujiuliza. Nikatoka mafigani nikahesabu mpaka kwenye mstari wa pembeni. Hatua saba. Siku ya ule mraba mstari ulikuwa unagusa mawe yale.

Nikakaa chini. Magoli yetu ni ya chuma, yamechimbiwa, hayasogei. Mistari ndiyo iliyokuwa inakuja, msimu kwa msimu, pamoja na nukta ya penalti. Na sisi tulikuwemo humo kila wiki, kama mtoto unayelala naye, huoni anavyobadilika. Marefa nao wakifika wanakuta mistari myeupe imenyooka, wanaridhika.

Futi ya Mchaga mwenzangu ilikuwa palepale juu ya turubai. Ningeifungua, nikawaita dereva wa bodaboda na mwalimu, nikapima mbele yao, mdogo wangu amepona siku hiyohiyo. Lakini mzee je? Yule aliyenizungushia chokaa nikiwa sina mtu? Watu wangemcheka mguu wake, na mipaka yote aliyopima huko mlimani ingeanza kusemwa. Nilizunguka na jambo hilo wiki nzima. Nikiona glovu kwenye msumari naamua kusema, nikikiona kikombe chake nanyamaza.

Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, nikafunga biashara nikapanda mlimani kwake.

Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye kichanja. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo chai imekuja yenyewe?"

Mke wake akanipa loshoro, ndizi kwa maziwa ya mgando, nikala, tukaongea habari za mvua na bei ya mbolea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu mjini, yote yakanipotea. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba mguu wake umekuwa mfupi? Macho yangu yakaangukia safu ya kahawa iliyopita kando ya nyumba, mibuni ya zamani, mashina yamenenepa, juu yake migomba.

"Baba, hii ulipanda wewe?"

"Kwa mguu huu. Mwaka niliooa."

"Unasemaga penalti ni miti mitano. Nionyeshe basi, nimeisikia tu."

Akafurahi, maskini. Akaacha kahawa yake, akajifuta mikono, akasimama sambamba na mti wa kwanza, safu ikiwa kushoto kwake. Akakaza macho mbele kama kawaida yake, hakutazama miguu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na mbili akasimama, na bila kugeuza kichwa akanyoosha mkono wa kushoto kushika mti.

Mkono haukukuta kitu.

Akageuka. Mti wa nne ulikuwa nyuma yake kidogo tu. Wa tano ulikuwa kule mbele. Akaendelea polepole, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, akaushika. Akaitazama safu yote nyuma yake, mti kwa mti, na mimi nikajuta kuja.

"Miti haitembei," akasema mwishowe.

"Haitembei, baba."

"Ulijua kabla hujaja."

"Nilijua. Mafiga yangu ya zamani yako hatua saba nje ya mstari."

"Hatua zako au zangu?"

"Zangu."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Akauliza nani mwingine anajua, nikasema hakuna. Akauliza Eli anakula? Nikasema hali. Akatazama kwenye migomba akasema mwaka juzi aliwagawia shamba watoto wa marehemu jirani yake, kwa bahati wote aliwapimia kwa mguu huuhuu, kwa hiyo wamepunjika sawasawa. Nilitaka kucheka na machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Baba, tunaweza kunyamaza. Msimu ujao nitapima mimi, hakuna atakayejua."

"Na kijana?"

Nikajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nenda nyumbani, mama. Mwambie aje kesho na glovu zake."

Jumapili alishuka na suti yake ya kanisani. Kikao kilikuwa hapohapo kwenye mabenchi, watu wengi kuliko mechi nyingine. Eli alisimama pembeni, mikono mfukoni. Kabla mwenyekiti hajafungua, mzee aliomba nafasi.

"Kijana hachelewi," akasema. "Mpira ulikuwa unapigwa kutoka karibu, na aliyeusogeza ni mimi. Mguu wangu umefupika na mimi sikutaka kuujua. Wiki iliyopita nilisema hapa anachelewa yeye. Naomba mnisamehe, na yeye anisamehe." Kisha akanigeukia. "Mama, lete ile futi."

Mwalimu na dereva wa bodaboda wakapima kutoka golini hadi kwenye nukta. Yadi kumi kasoro. Hakuna aliyecheka. Dereva wa bodaboda alimwendea Eli akampa mkono, akaja kwangu akaagiza chai mbili ampelekee. Halafu, mashabiki ni mashabiki, dakika kumi hazijapita winga wetu naye anadai krosi zake zote zilizopotea ugenini ni kosa la chokaa, uwanja wetu umembana. Mwalimu akamwambia, "Chokaa imekubali penalti tano, mzee hakukubali miguu yako." Mzee alikuwa anasikiliza, na alikuwa anatabasamu. Nikaona Eli amekwenda kukaa karibu naye.

Nilidhani hatarudi tena. Lakini msimu mpya ulipofunguliwa alishuka, ana fimbo sasa, na begani ana kamba ya katani. Kamba, yeye. Alikuwa ameikata palepale kwake, kutoka mti wa kwanza hadi wa tano, akaifunga fundo.

"Si inavutika?" nikamuuliza.

"Inavutika. Lakini haina kiburi."

Eli akashika ncha moja golini, mzee akashika nyingine, wakapima, kamba kwa kamba. Kopo alilitikisa mwenyewe, polepole, macho kwenye kijiti, na ng'ombe walikuwa wameshapita, na akakanyaga. Walipofika upande wangu akasimama mbele ya jiko langu, chai inachemka.

"Mama, sogeza jiko nyuma."

Nikaondoa kila kitu, Eli akanisaidia benchi, tukarudi mpaka kwenye mawe yangu matatu ya zamani. Nikang'oa majani yaliyoyafunika. Mzee akapitisha mstari ukayagusa, halafu akanichorea mraba wangu. Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kupiga mistari. Nyonga haikumruhusu tena, na siku hizi kazi hiyo anaifanya Eli, na ile kamba.

Nikamtilia chai, vijiko vinne. Refa akapuliza filimbi. Mzee akanyanyuka, nikadhani anaondoka, kumbe anageuka. Akakaa akiutazama uwanja, fimbo katikati ya magoti.

"Wataharibu mistari," nikamwambia.

"Waache waharibu," akasema. "Leo nimekuja kumwona kipa."